Msingi wa mtambo wa upepo baharini haupambani na uzito tu

Wengi hapa Dar wakiona picha ya ile mitambo ya umeme wa upepo ya baharini wanasema msingi mkubwa vile ni sababu ya uzito. Hapana jamani, kinachosumbua zaidi ni kusukumwa, upepo unasukuma kule juu mita 100 hivi, mawimbi yanapiga chini, nguzo inataka kulala. Ndo maana wanagongelea bomba la chuma lenye kipenyo hata cha mita 8, linazama makumi ya mita ardhini. Nenda Kunduchi maji yakijaa, chomeka mti mchangani, utaona mawimbi yanautikisa huku mchanga unachimbika pale shinani mpaka mti unalegea, na kwenye mitambo ya Bahari ya Kaskazini, kule Ulaya, wanamwaga mawe kuzunguka bomba kuzuia hichohicho.