Je, wajua kwa nini mzee aliyelazwa kwa homa ya mapafu huanza kuweweseka?

Mzee aliyetoka Bahi au Kongwa, akaingia wodini akiwa na akili timamu, anaweza jioni ya siku ya pili kuanza kuwaita watu waliokwisha kufariki, kung'oa mpira wa dripu na kudai kwamba yuko zizini. Kwa kuwa Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko hapa hapa Dodoma, ndugu huwa wepesi kusema apelekwe huko. Mara nyingi, hata hivyo, hiyo ni deliriamu: ubongo umevurugwa kwa muda na hitilafu iliyo kwingine mwilini. Maambukizi, upungufu wa maji, sukari au oksijeni iliyoshuka, maumivu, kibofu kilichojaa, hata kufunga choo kwa siku kadhaa, vyote vinaweza kuileta, hasa kwa mzee ambaye kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kufifia.

Usahaulifu wa uzeeni huja polepole kwa miezi na miaka, ilhali deliriamu huanza ndani ya saa au siku chache, nayo hupanda na kushuka, hata daktari anayepita asubuhi akamkuta mgonjwa anazungumza vizuri. Umakini ndio hupotea kwanza. Mwambie ataje siku za wiki kinyumenyume kuanzia Jumapili, na kama amezoea Kigogo aulizwe kwa Kigogo, la sivyo ugeni wa lugha utahesabiwa kuwa ugonjwa. Aina ninayoiogopa zaidi ni ile ya kimya, ambayo mgonjwa hulala tu, hali chakula wala hajibu, na wodi nzima hudhani ametulia. Anayeweza kusema "huyu si kawaida yake" ni ndugu, na kauli hiyo muuguzi aichukulie kama kipimo.

Tiba ni kutafuta chanzo na kukiondoa, pamoja na kupitia upya dawa zote anazotumia. Wakati huo ndugu anayemfahamu akae naye, avalishwe miwani yake, anyweshwe maji ikiwa anameza vizuri, apate mwanga mchana na utulivu usiku, na aketishwe mapema. Kumfunga kamba kitandani huzidisha fujo na majeraha. Diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, nayo kwa kawaida huongeza mkanganyiko, isipokuwa kwa mtu aliyeacha pombe ghafla, ambaye huihitaji kweli. Haloperidoli, dawa ya kutuliza fujo, kwa dozi ndogo hubaki kwa yule anayejihatarisha au kuhatarisha wengine, baada ya njia nyingine kushindwa. Chanzo kikishatibiwa, mkanganyiko unaweza kuendelea kwa siku au wiki kadhaa, kwa hiyo ndugu waelezwe hilo kabla ya mgonjwa kuruhusiwa.