Vidonge vya fangasi havisafishi ukucha uliokwisha kuharibika

"Nimemaliza vidonge, ukucha bado mbovu, nipe dawa kali zaidi." Maneno hayo ya wagonjwa yamenichosha. Terbinafini, kidonge cha kuua fangasi, miligramu 250 kila siku kwa wiki 12, haing'arishi ukucha. Inaua fangasi ili ukucha mpya uote safi. Ule uliokwisha kuwa wa njano na mnene haurudi kuwa mzima. Unasukumwa mbele mpaka ukatwe. Ukucha wa mguu huota milimita 1.5 hivi kwa mwezi, kwa mzee pungufu ya hapo, kwa hiyo kuubadilisha wote huchukua miezi 12 hadi 18. Dawa yenyewe hubaki ndani ya ukucha miezi kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Haraka ya nini?

Ukitaka kujua kama inafanya kazi, siku ya kuanza chukua tupa ya kucha ukwaruze mstari mwembamba pale sehemu nzima inapokutana na mbovu. Mstari utasogea mbele kadiri ukucha unavyoota. Nyuma yake, upande wa shina ukucha unakootea, kukiwa safi, tulia. Ubovu ukiuvuka kurudi shinani, ama dawa imeshindwa, ama hukuwa na fangasi tangu mwanzo.

Na hilo la mwisho si nadra: karibu nusu ya kucha zilizoharibika hazina fangasi. Ni soriasisi (ugonjwa wa ngozi), ni viatu vya kubana, ni kujigonga. Pima kwanza. Sampuli ni ule unga wa chini ya ukucha, uliokwanguliwa ndani kabisa karibu na sehemu nzima. Ukipeleka kipande cha ncha, majibu yatasema hakuna kitu. Hata sampuli ikiwa nzuri, jibu la "hakuna" siliamini mara moja, narudia kipimo. Mstari mweusi kwenye ukucha, unaopanuka, ni habari nyingine: daktari wa ngozi, haraka.

Amorolfini ya asilimia 5, dawa ya fangasi ya kupaka juu ya ukucha mara moja au mbili kwa wiki hadi mwaka mzima, inafaa ukucha ulioliwa chini ya nusu, shina likiwa zima. Kwenye ukucha mnene haipenyi. Lainisha kwanza kwa krimu ya urea ya asilimia 40, kisha upunguze kwa tupa. Itrakonazoli, dawa nyingine ya fangasi ya kumeza, ni miligramu 200 mara mbili kwa siku, wiki moja kila mwezi kwa miezi mitatu, vidonge vimezwe na chakula. Mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, asiiguse. Anayetumia simvastatini, dawa ya kolesteroli, vivyo hivyo. Kabla ya terbinafini pima ini. Ladha ikipotea au mkojo ukawa mweusi, acha na umwone daktari.

Matokeo? Katika majaribio ya terbinafini, maabara haikukuta tena fangasi kwa asilimia 70 hivi ya wagonjwa, lakini waliopata na ukucha safi kabisa ni asilimia 38 tu. Nafasi hiyo katikati ndiyo inayonipa shida: wengine wamepona ila ukucha umebaki umepinda, na kuwaongezea vidonge ni kulitesa ini bure. Kurudiwa nako kupo, hasa wanaosahau ngozi. Paka krimu ya fangasi nyayoni na katikati ya vidole. Kuhusu kupulizia viatu dawa, ushahidi ni mwembamba. Mimi nashauri tu kwa kuwa haidhuru.