Utoto wa Ongwen ulisikizwa wapi?

Kila muhula nikifika kwenye kesi ya Dominic Ongwen, darasa langu la jioni hapa Nairobi hugawanyika kabla sijamaliza kusoma mashtaka. Hawa si vijana waliotoka shule jana. Wengi huja moja kwa moja kutoka kazini, wengine na mfuko wa sukuma wiki chini ya kiti. Kuna polisi, makarani wa mahakama, mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Kayole. Muhula uliopita sajini mmoja alisema, "Mwalimu, mtu ameua, amebaka, amechoma kambi. Mambo ya utotoni yanaingilia wapi hapo?" Nyuma yake aliketi karani mmoja, mama ambaye kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kuita majina katika mahakama ya watoto. Akamjibu kwa methali moja tu: "Afande, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Sajini aliuliza kwa hasira, lakini swali lake ndilo ninalowataka wanafunzi walibebe hadi mwisho. Yanaingilia wapi? Kesi ya jinai si kikao cha ukoo ambapo maisha ya mtu humwagwa yote mkekani. Kila jambo lina hatua yake ya kusemwa. Ukilisema kabla ya wakati wake au baada ya wakati wake, majaji watakusikia, wataandika, na hawatalifanyia kazi.

Kwa msomaji ambaye hakuifuata kesi hii: Ongwen ni Mwacholi wa kaskazini mwa Uganda. Alitekwa na waasi wa LRA wa Joseph Kony mwaka 1987, akiwa njiani kwenda shule, umri wake ukiwa kama miaka tisa. Alikulia humo, akapandishwa cheo hadi akaongoza brigedi ya Sinia. Januari 2015 alijitokeza kutoka msituni katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, na kabla ya mwezi kuisha alikuwa kizimbani The Hague, Uholanzi, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC). Tarehe 4 Februari 2021 alipatikana na hatia katika mashtaka 61 kati ya 70. Yalihusu mashambulizi kwenye kambi za wakimbizi wa ndani za Pajule, Odek, Lukodi na Abok, pamoja na mauaji, utesaji, utumwa, ndoa za kulazimishwa na, kwa mara ya kwanza katika historia ya mahakama hiyo, kosa la kumlazimisha mwanamke kubeba mimba. Katika orodha hiyo limo pia kosa la kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Yaani alitiwa hatiani kwa jambo lile lile alilotendewa yeye. Nimeifundisha kesi hii mara nyingi na bado sijajua kuisoma sentensi hiyo darasani bila kutua.

Sisi Wakenya neno Hague tulilijua kwenye siasa, enzi za mwendesha mashtaka Ocampo na washukiwa sita, na likatuachia picha ya mahali wanapopelekwa wakubwa. Mkataba wenyewe wa Roma, ulioianzisha mahakama hiyo, wachache waliusoma. Ndiyo maana kila mara huwa kuna mwanafunzi anayenyoosha mkono na kusema kwa uhakika kwamba mtoto hawezi kutenda uhalifu wa kivita, na kwamba ibara ya 26 imesema hivyo.

Haikusema hivyo. Ibara ya 26 inasema tu kwamba mahakama hii haina mamlaka juu ya mtu aliyekuwa hajafikisha miaka 18 wakati kosa linapodaiwa kutendwa. Mataifa yalipokutana Roma mwaka 1998 hayakuweza kukubaliana mtoto huanza kuwajibika kijinai akiwa na umri gani, kwa kuwa kila nchi ina umri wake. Hapa kwetu ulikuwa miaka 8 hadi Sheria ya Watoto ya 2022 ilipoupandisha hadi 12. Wajumbe waliukwepa ugomvi huo. Walisema sisi hatutamshtaki, na kila nchi itajua la kufanya. Kijana wa miaka 17 aliyechoma kijiji hana kesi The Hague, lakini nchi yake inaweza kumshtaki kesho asubuhi.

Pana ufa mwingine ambao wengi hawauoni. Kwa mkataba huo huo, kosa la kuwaandikisha watoto huishia miaka 15. Anayemchukua mvulana wa miaka 16 hatendi kosa hilo mbele ya ICC, na mvulana mwenyewe akiua hawezi kushtakiwa hapo. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 inayakataza makundi yenye silaha kumchukua yeyote wa chini ya miaka 18, ila huo ni wajibu unaoangukia serikali, na haumpeleki kamanda yeyote Uholanzi.

Sierra Leone walijaribu njia tofauti. Sheria ya mahakama yao maalumu iliruhusu kumshtaki mtu kuanzia miaka 15, kwa masharti mengi ya kumlinda. Mwendesha mashtaka wa kwanza, David Crane, alitangaza kwamba hatamshtaki mtoto yeyote, bali atawatafuta waliowatumia watoto. Na hakuna mtoto aliyepelekwa pale. Mahakama hiyo ndiyo iliyotoa hukumu za kwanza za kimataifa kwa kosa la kutumia watoto vitani, mwaka 2007, kabla ya The Hague kumtia hatiani Thomas Lubanga wa Kongo kwa kosa hilo mwaka 2012.

Kwa Ongwen ibara ya 26 haikuwa na msaada. Mamlaka ya ICC yanaanza tarehe 1 Julai 2002, na mashtaka yake yalihusu kuanzia hapo hadi mwisho wa 2005. Alikuwa mtu mzima, kamanda mwenye askari chini yake. Mawakili wake walijaribu hata hivyo: walidai kwamba mtu aliyetekwa akiwa mtoto na asitoke hubaki chini ya ulinzi ambao sheria huwapa askari watoto. Majaji waliothibitisha mashtaka mwaka 2016 walisema hoja hiyo haina msingi wa kisheria. Kisheria wako sawa. Lakini fikiria siku anatimiza miaka 18 huko msituni. Hakuna aliyemwambia kwamba kuanzia leo unajibu mwenyewe. Aliamka, akabeba bunduki ile ile, akamtii mtu yule yule.

Kwa hiyo utoto ulifungiwa nje hatua ya kwanza. Hatua ya pili ndiyo iliyonichukua jioni mbili kuifundisha: utetezi wa kulazimishwa.

Ibara ya 31 inasema mtu hawajibiki ikiwa alitenda kwa sababu ya tishio la kifo lililo karibu kutimia, au la madhara makubwa ya mwili yanayoendelea au yaliyo karibu, mradi alichofanya kilikuwa cha lazima na cha busara kuliepuka tishio hilo, na hakukusudia kuleta madhara makubwa kuliko yale aliyoyakimbia. Wanafunzi wangu wanaulinganisha upesi na kifungu cha 16 cha Kanuni ya Adhabu yetu, ambacho ni kikali zaidi: tishio liwe la kuua au kujeruhi vibaya papo hapo, na liwepo muda wote wa tendo. Ukitishwa kwamba utakiona siku nyingine, hilo halikuokoi.

Majaji walimpima Ongwen wa 2002 hadi 2005 kwa kipimo hicho, wakakuta hakifikii. Alikuwa na cheo kikubwa. Kuna nyakati alibishana na Kony na hakuuawa. Wenzake, wakiwemo makamanda, walitoroka. Na baadhi ya makosa aliyatenda faraghani, mahali ambapo hakuna tishio la mtu lingemfikia. Hapa nilimwona sajini akigonga meza kwa kidole, kama mtu anayesema si niliwaambia.

Tena mlango wa kurudi ulikuwa ukitangazwa redioni. Kituo cha Mega FM cha Gulu, mji wa kaskazini mwa Uganda, kilikuwa na kipindi cha kuwaita wapiganaji warudi, kikiitwa Dwog Cen Paco. Mwanafunzi wangu kutoka Siaya alicheka alipolisikia jina hilo, kisha akanyamaza. Kwa Kijaluo chake halihitaji mkalimani: rudi nyumbani. Sheria ya msamaha ya Uganda ya mwaka 2000 iliwapokea maelfu waliotoka.

Naukubali uamuzi huo kwa ushahidi uliokuwepo. Kasoro ninayoiona iko kwenye kipimo chenyewe. Kimetengenezwa kwa mtu mzima aliyekuwa na maisha yake, akaja mwingine akamwekea bunduki kisogoni. Kinauliza bunduki iko wapi sasa hivi. Mtoto aliyetekwa LRA alifundishwa hofu kwa njia nyingine: waliojaribu kutoroka na kukamatwa waliuawa, na mara nyingi waliolazimishwa kuwapiga hadi kufa ni watoto wenzao. Aliambiwa kwamba Kony ana pepo wanaosoma mawazo, kwamba hata kufikiria kutoroka kutajulikana. Majaji walisema imani hiyo hupungua kadiri mtu anavyokaa na kupanda cheo. Huenda. Ila mtu aliyefunzwa hivyo akiwa na miaka tisa hahitaji bunduki kisogoni akiwa na ishirini na tano, kwa maana tishio limeshahamia ndani. Ibara ya 31 haina macho ya kuliona tishio la namna hiyo, na mawakili wake walijikuta wakilisukuma kwenye kifungu cha maradhi ya akili, ambako pia liligonga mwamba. Majaji hawakuona ugonjwa wa akili.

Niliposema hayo karani hakufurahi kama nilivyotarajia. Alisema, "Mwalimu, na wale wasichana je?" Wanawake saba ndio waliotajwa katika makosa ya kingono aliyoyatenda Ongwen mwenyewe. Wasichana hao pia walitekwa. Nao pia walilelewa msituni kwa hofu ile ile. Methali yake mwenyewe ilikuwa imemgeukia, na alikuwa na uaminifu wa kuligeuza swali badala ya kuitetea methali. Tangu siku hiyo siifundishi ibara ya 31 bila kuanza na swali lake.

Utoto wa Ongwen ulipata nafasi hatua ya mwisho, kwenye adhabu. Mawakili wa waathiriwa walitaka kifungo cha maisha. Upande wa mashtaka wenyewe, kwa kuzingatia utoto wake, uliomba isiyopungua miaka 20. Utetezi uliomba 10. Mei 2021 alipewa 25, jaji mmoja kati ya watatu akitaka 30. Walisema wazi kwamba mbele yao alikuwa mtu aliyewatesa wengine kwa kukusudia, naye awali aliteswa na kundi lilo hilo. Rufaa ikakataliwa Desemba 2022, na mwaka uliofuata akapelekwa Norwei kutumikia kifungo.

Mlinganishe na Thomas Kwoyelo, aliyetekwa mwaka huo huo wa 1987 akiwa mtoto. Yeye alikamatwa Kongo mwaka 2009, akanyimwa msamaha ambao wengine walioongoza LRA walipewa, akahukumiwa Gulu mwaka 2024: makosa 44, miaka 40. Tofauti ya miaka 15 kati yao siwezi kuieleza darasani kwa kanuni yoyote. Mmoja alikamatwa, mwingine akajitokeza, mmoja akahukumiwa nyumbani, mwingine Ulaya. Na waliotoka mapema wakapewa kadi ya msamaha.

Msidhani haya ni mambo ya Uganda tu. Aprili 2015 serikali yetu iliwapa siku kumi vijana waliojiunga na al-Shabaab wajisalimishe. Baadhi ya wanaovuka mpaka kurudi waliondoka hapa wakiwa na umri wa shule. Anayeshtakiwa leo akiwa na miaka 22, umri aliochukuliwa nao utasikizwa lini? Kwa utaratibu wetu, mara nyingi ni kwenye ripoti ya afisa wa probesheni, baada ya hatia kutangazwa. Hatua ya mwisho, kama kwa Ongwen. Wakili anayengoja ripoti hiyo ndipo ataje utoto wa mteja wake amechelewa. Aulize kuhusu nia, aulize kuhusu kulazimishwa, alete mtaalamu wa watoto ahojiwe kabla ya hukumu. Huenda akashindwa, lakini jambo litakuwa limeingia kwenye kumbukumbu za mahakama mahali linapoweza kukatiwa rufaa.

Fidia nayo niitaje kwa ufupi. Februari 2024 mahakama iliagiza yuro milioni 52 na zaidi kwa waathiriwa wapatao 49,772, kila mmoja apate yuro 750 kama ishara, pamoja na huduma za pamoja za kuwasaidia kurudia maisha yao. Ongwen hana pesa. Mfuko wa waathiriwa ndio unaozitafuta kwa wafadhili. Miongoni mwa wanaostahili wamo waliokuwa askari watoto chini yake.

Sajini aliuliza swali moja la mwisho tukifunga vitabu: atatoka lini? Tulipiga hesabu ubaoni. Kifungo kinahesabiwa kuanzia Januari 2015, hivyo miaka 25 inaisha Januari 2040. Ila ibara ya 110 inawataka majaji wakipitie kifungo baada ya theluthi mbili, na kwake hiyo ni karibu Septemba 2031, akiwa ameshavuka miaka hamsini. Watatazama kama amejitenga kwa dhati na makosa yake, kama ana mahali pa kurudi, kama kuachiliwa kwake kutavuruga amani huko Acholi, amewafanyia nini waathiriwa, na afya yake ikoje. Karani alinakili orodha yote, akaipitia tena kwa ncha ya kalamu, akitafuta neno kutekwa.

Halikuwemo. Akafunga daftari, akachukua mfuko wake wa mboga, akawahi matatu.