Je, wajua? Saratani ya tumbo huweza kuwa imejaa askari wa mwili, ila hawaishambulii

Mjomba wangu, mkulima wa korosho wilayani Newala, ameishi na vidonda vya tumbo tangu nikiwa shule ya msingi. Mwaka jana alipimwa kwa kamera, akakatwa kipande kidogo cha nyama ya tumbo, yaani kinyama cha kupimwa maabara, na majibu yakarudi na mambo mawili ambayo kwangu hayakukaa pamoja: kuna saratani ya tumbo, na ndani ya hiyo saratani kuna seli nyeupe za ulinzi kwa wingi. Daktari alituonyesha mstari wenyewe kwenye karatasi.

Kufikia siku ile nilikuwa nimeshamwambia mjomba, tena si mara moja, kwamba maradhi yamempata kwa sababu kinga yake imeshuka. Nilikuwa nampelekea unga wa mlonge ili aipandishe. Tulipotoka nje akaniuliza: "Sasa mjomba, kama askari wamo, kilichoshuka ni nini?" Huku mjomba na mpwa tunaitana "mjomba" pande zote mbili.

Sikuwa na jibu, na nimekuwa nikilitafuta tangu hapo.

Kosa langu ni la wengi, na nadhani najua lilikotoka. Watanzania tulijifunza habari za kinga kupitia UKIMWI. Jina lenyewe linatangaza: Ukosefu wa Kinga Mwilini. Tukazoea kusikia CD4, yaani seli za ulinzi zinazohesabiwa kwenye damu, za fulani ziko 500, za fulani zimeshuka chini ya 200, na kwa ugonjwa ule hesabu hiyo ni ya kweli kabisa. Virusi huangamiza seli zenyewe, na zikipungua sana mtu huweza kupata hata saratani ya Kaposi. Lakini kipimo cha ugonjwa mmoja tukakifanya picha ya kinga yote. Kinga ikawa kama maji ya mvua tunayoyakinga huku juu uwandani kwa Wamakonde: tangi limejaa au limepungua, na kila anayeumwa, basi lake limepungua.

Mgonjwa wa vidonda huambiwa hivyo. Mwenye homa ya ini huambiwa hivyo. Hata yule ambaye utumbo wake mpana umevimba na kutoa damu kwa miaka, ugonjwa ambao madaktari huuita kolaitisi ya vidonda, naye huambiwa aongeze kinga. Ukitazama utumbo wake kwa darubini unakuta kinyume: seli za ulinzi zimefurika na zinaushambulia ukuta wa utumbo wenyewe. Ndiyo maana hospitali humpa dawa za kuipunguza nguvu kinga hiyo. Anayemshauri aipandishe anavuta kamba upande wa pili wa daktari wake. Mlonge ni mboga nzuri na bado naila. Ila hakuna ushahidi wa kutosha kwa binadamu kwamba unatibu saratani, na mimi niliusema kama dawa.

Lugha nayo hutuchanganya. Neno "uvimbe" tunalitumia kwa pande zote mbili: jipu lililovimba ni uvimbe, na saratani ni uvimbe. Hapa hali ya kwanza nitaiita mwako, yaani joto, wekundu na maumivu yanayoletwa na seli za ulinzi zikiwa kazini.

Chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo kinajulikana. Ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyeoteshwa maabara mwaka 1982 na Barry Marshall na Robin Warren huko Australia. Marshall alimnywa mwenyewe mwaka 1984 akaugua tumbo, na wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimweka bakteria huyu katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitika.

Saratani yenyewe huanzaje? Hapa mwako una mkono mkubwa. Bakteria hujificha ndani ya ute unaofunika ukuta wa tumbo, mahali ambapo seli za ulinzi hazimfikii vizuri, nazo haziachi kumwinda. Nyutrofili, aina mojawapo ya seli nyeupe hizo, hurusha kemikali kali za oksijeni. Ni kama mtu anayelinda shamba kwa kuwasha moto kila usiku kwa sababu ya nguruwe mmoja aliyejichimbia shimo. Nguruwe anabaki shimoni, mikorosho inaungua. Mti ulioungua huchipua upya, huungua tena, huchipua tena, na katika machipukizi ya miaka ishirini, lipo litakaloota vibaya. Ukuta wa tumbo nao hujirudishia seli bila kupumzika, na kila seli inapogawanyika katikati ya kemikali zile, makosa katika vinasaba huongezeka.

Watu wa Mtwara na Lindi tunaufahamu mfano wa pili wa jambo hili, hata kama hatuuiti hivyo. Kichocho cha mkojo kikikaa miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu. Sehemu kubwa ya madhara yale hutokana na mwili kuyazingira mayai ya minyoo yaliyonasa kwenye ukuta wa kibofu.

Lazima niweke tahadhari hapa. Wengi mno wenye bakteria wa tumbo hawapati saratani maisha yao yote. Zaidi ya hapo, Afrika bakteria huyu ameenea sana huku saratani ya tumbo ikiripotiwa kidogo kuliko ambavyo ungetarajia, na watafiti waliliita jambo hilo fumbo la Afrika. Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba panya waliokuwa na minyoo ya utumbo pamoja na bakteria wa jamii hiyo walipata uharibifu mdogo tumboni, kana kwamba minyoo iliutuliza mwako. Ni matokeo ya kushangaza, na nimeyasoma mara kadhaa. Lakini wale ni panya, na kuna maelezo mengine ya wazi zaidi: penye kamera chache, saratani nyingi hazionekani. Asiache mtu dawa za minyoo kwa sababu ya aya hii.

Sasa turudi kwa askari waliomo ndani ya saratani. Mbona wametulia?

Fikiria tumbo na utumbo kama nyumba inayopokea wageni mchana na usiku. Chakula kinapita na mabilioni ya bakteria wanaishi humo, wengi wao bila ubaya wowote. Kinga ikipiga kila kitu kigeni, nyumba haikaliki. Kwa hiyo mwili umejiwekea adabu. Seli T, ambazo ndizo huua seli zilizoharibika, zikishaamka huota juu yake kitu kama sikio, kiitwacho PD-1. Zikiwa kazini hutoa mlio wa kemikali iitwayo intaferoni gama. Seli za jirani zikiusikia huinua kadi iitwayo PD-L1, na kadi hiyo ikigusa sikio lile ni kama kuambiwa: "Poleni na kazi, jamani. Inatosha, pumzikeni." Seli T inalegea. Haijafa wala haijaondoka. Imeitikia salamu ya heshima.

Bila salamu hiyo kila mwako mdogo ungekuwa moto wa msituni. Ila saratani ni mtoto wa nyumba hiyohiyo, inazijua desturi zake. Seli T zikiisogelea na kupiga mlio wao, saratani nayo inainua kadi: "Poleni na kazi." Kadiri askari wanavyopiga mlio, ndivyo inavyoinua kadi nyingi zaidi. Siku zikienda, seli T zinafikia hali ambayo wanasayansi wenyewe huiita kuchoka. Hesabu yao kwenye kinyama inasomeka kubwa, kazi hakuna.

Seli nyingine hufanya zaidi ya kulegea. Makrofaji, seli nyeupe za aina nyingine, ambazo kwa kawaida humeza wadudu na kisha kusaidia kidonda kufunga, huikuta saratani ikitoa ishara zilezile za kidonda, nazo huanza kuijengea mishipa ya damu. Mwaka 1986 Harold Dvorak, daktari mtafiti wa Marekani, aliandika kwamba uvimbe wa saratani ni kidonda kisichopona, na kwa tumbo sioni maneno yanayoeleza vizuri zaidi.

Askari hao si bure, hata hivyo. Kwenye saratani ya utumbo mpana, utafiti uliotoka mwaka 2006 ukiongozwa na Jérôme Galon wa Ufaransa ulionyesha kwamba aina ya seli T, wingi wake na mahali zilipokaa hutabiri vizuri nani ataishi muda mrefu zaidi.

Wanasayansi James Allison na Tasuku Honjo walipata Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha kwamba breki za namna hii zinaweza kuachiwa. Zipo dawa zinazoziba sikio la PD-1 ili salamu isisikike. Mwaka 2022 madaktari wa New York waliripoti wagonjwa 12 wa saratani ya njia ya haja kubwa waliopewa dawa ya aina hiyo, na kwa wote 12 uvimbe ulitoweka. Wote walikuwa na saratani ambayo seli zake haziwezi kurekebisha makosa ya vinasaba, aina ambayo ni chache, na 12 ni watu wachache. Saratani nyingi za utumbo haziitikii hivyo, na dawa hizi ni ghali mno.

Jambo lililonikalisha kitako ni madhara yake. Ukizifungulia breki seli T, baadhi ya wagonjwa huanza kuharisha damu, na ukitazama utumbo wao unafanana sana na ule wa kolaitisi ya vidonda. Daktari hulazimika kusimamisha dawa na kuwapa steroidi, dawa za kuituliza kinga, zilezile anazopewa mgonjwa wa kolaitisi.

Nilirudi Newala wakati wa kupalilia, nikamkuta mjomba kivulini, kati ya mzunguko mmoja wa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, na mwingine. Nikamweleza kuhusu kadi na salamu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama bakteria yule huambukizana ndani ya nyumba. Nikamjibu ndiyo, mara nyingi watoto humpata wakiwa wadogo kutoka kwa watu wa nyumbani, na akitibiwa mapema kwa antibayotiki hatari ya saratani hupungua. Akamwita binti yake mkubwa, aliyekuwa akilalamikia tumbo tangu mavuno, akamwambia ajiandae, Jumatatu waende wote akapime.