Msafara wa uvumbuzi: maana yake na mfano wa Lewis na Clark

Ukitaja "msafara", wengi wetu huona mlolongo wa watu na mizigo, wakienda kuuza na kununua. Msafara wa uvumbuzi ni wa namna nyingine. Hutumwa na serikali, ukiwa na maagizo ya maandishi, kwenda kuitazama nchi ambayo serikali hiyo inadai ni yake ilhali haiijui: mito inaelekea wapi, milima imekaaje, nani anaishi humo na nini kinaota. Mali yake ni ramani na madaftari.

Mfano mashuhuri ni wa Meriwether Lewis na William Clark, maofisa wawili wa jeshi la Marekani. Mwaka 1803 Marekani iliinunua Louisiana kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15, eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 2, magharibi ya mto Mississippi hadi milima ya Rocky. Hapa inafaa tutulie kidogo, maana watu hupapita mbio. Sehemu kubwa ya nchi hiyo Wafaransa hawakuikalia wala kuitawala. Walichouza ni haki ya kuidai mbele ya mataifa mengine ya Ulaya. Wenye nchi walikuwamo: Walakota, Waosage, Wamandan, Wahidatsa na wengine wengi, na hakuna aliyewauliza.

Kikosi cha Lewis na Clark kiliondoka karibu na mji wa St. Louis Mei 1804, kikaupandisha mto Missouri, kikafika Bahari ya Pasifiki Novemba 1805, mbali nje ya eneo lililonunuliwa. Kilirudi Septemba 1806. Rais Thomas Jefferson, aliyewatuma, alikuwa ametumaini ipatikane njia ya maji ya kufikia Pasifiki kwa biashara. Haikuwapo. Walipovuka mgongo wa milima waliona milima mingine mbele yao.

Ramani ilichorwaje? Clark alishika dira na kuandika kila kona ya mto: uelekeo, kisha umbali aliokadiria kwa macho. Adhuhuri walipima kimo cha jua ili kujua wako latitudo gani, yaani umbali wao kaskazini ya ikweta. Longitudo, yaani umbali wa mashariki au magharibi, ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa ilihitaji saa isiyokosea, na saa yao ilisimama zaidi ya mara moja.

Ila vyombo vilionyesha tu pale walipokanyaga. Ya mbele waliyapata kwa kuuliza. Majira ya baridi ya 1804 hadi 1805 waliyakaa jirani na Wamandan na Wahidatsa, wakaelezwa mito watakayoikuta. Ng'ambo ya milima, walipotoka wakiwa hoi kwa njaa, Wanez Perce waliwalisha, na mzee wao Twisted Hair akawachorea mto juu ya ngozi nyeupe. Ndiyo maana neno "uvumbuzi" linanikwaza: mengi kati ya hayo yalikuwa yakijulikana, yakabadilishwa tu kutoka kauli ya mdomo kuwa mstari wa wino.

Tazama hata mazungumzo yenyewe. Ili kupata farasi kwa Washoshone, Sacagawea, binti wa kabila hilo aliyetekwa utotoni, alikigeuza Kishoshone kuwa Kihidatsa. Mumewe, Toussaint Charbonneau, akakigeuza Kihidatsa kuwa Kifaransa. Askari mmoja akamalizia kwa Kiingereza. Jibu likarudi kwa njia ileile. Mkuu wa Washoshone waliyezungumza naye, Cameahwait, alikuwa kaka yake Sacagawea.

Ramani kubwa ya Clark ilichapishwa 1814. Kabla ya hapo aliendelea kuijaza, akiwahoji wafanyabiashara na Wenyeji waliotoka magharibi.

Askari wa msafara walilipwa mshahara maradufu, na kila mmoja akapewa ekari 320 za ardhi. Charbonneau naye alilipwa. Sacagawea, aliyekwenda na kurudi akiwa na mtoto mchanga mgongoni, hakupewa kitu. York, mtumwa wa Clark, aliyewinda na kupiga kasia pamoja na wenzake hadi baharini, alirudi St. Louis akiwa bado mtumwa.