Uthabiti na Uhalali wa Mtihani: Alama za Mtoto Zinasema Nini?

Ripoti ya muhula inapofika nyumbani, wazazi wengi hapa Kisumu huangalia nafasi ya mtoto darasani, kisha sifa au lawama zinafuata. Kabla ya hapo kuna maswali mawili ya kuuliza kuhusu mtihani wenyewe. Je, mtoto huyu akirudia mtihani wa aina hii wiki ijayo, bila kufundishwa kitu kipya, atapata alama zinazokaribiana na hizi? Huo ndio uthabiti. Na je, alama hizi zimepima kile tunachodai zimepima? Huo ni uhalali.

Mambo haya mawili hayaendi pamoja kila mara. Gorogoro, yaani mkebe wa kupimia nafaka, iliyobonyea kitako pale soko la Kibuye itakupunja mahindi leo, kesho na keshokutwa, na kwa kiasi kile kile. Ni thabiti, lakini haikupi kipimo cha haki. Mitihani mingi iko hivyo. Kinyume chake hakiwezekani: alama zinazoyumba ovyo haziwezi kuwa halali, kwa sababu hazijashika kitu.

Uthabiti huharibiwa kwanza na uchache wa maswali. Katika maswali 10 ya kuchagua jibu moja kati ya manne, asiyejua lolote hupata mawili au matatu kwa kubahatisha, na siku ya bahati hata matano. Katika maswali 50, kupata nusu yake kwa kubahatisha ni jambo adimu mno. Wataalamu hueleza uthabiti kwa namba iliyo kati ya 0 (hakuna uthabiti) na 1 (uthabiti kamili). Kwa kanuni ya wanasaikolojia Spearman na Brown ya mwaka 1910, mtihani wenye uthabiti wa 0.60 ukiongezewa maswali ya aina ile ile hadi yawe maradufu, hupanda hadi 0.75. Kwa jaribio la darasani, 0.70 hivi huonekana inatosha. Mtihani unaoamua hatima ya mtoto hutakiwa kukaribia 0.90.

Jambo la pili ni msahihishaji. Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari Kenya, kila insha ina alama 20. Wape walimu wawili insha moja bila mwongozo: wa kwanza anavutiwa na methali na kutoa 14, wa pili anakerwa na hijai na kutoa 9. Alama tano zimepotea, na mtahiniwa hajabadilisha hata neno. Ndiyo maana wasahihishaji wa mitihani ya kitaifa hukubaliana kwanza juu ya mwongozo kwa kusahihisha karatasi za mfano pamoja. Shule yoyote inaweza kufanya hivyo, na naona ajabu kwamba nyingi hazifanyi.

Uhalali ni mgumu zaidi, maana hakuna namba moja inayoutaja. Mtihani ambao shule imeununua kwa watungaji wa nje ukiuliza mada ambazo darasa halijafika, unapima kasi ya mwalimu. Swali la Kilimo linalomtaka mtoto aorodheshe hatua za kuandaa kitalu cha sukumawiki linapima kumbukumbu yake tu. Kama miche yake itaota, hujui bado.

Linaloniuma zaidi ni hesabu za Gredi ya 4. Kwa sera yetu ya elimu, mtoto wa Gredi ya 1 hadi 3 anaweza kufundishwa kwa lugha ya eneo lake, na kuanzia Gredi ya 4 masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Chukua mtoto wa Nyakach anayemsaidia mamake kuuza omena. Mteja ananunua za shilingi 130, anatoa noti ya 200, na mtoto anarudisha 70 bila kusita. Shuleni hesabu hiyo hiyo inamjia kwa sentensi tatu ndefu za Kiingereza, anaacha pengo, anapata sifuri, na ripoti inasema hajui kutoa.

Mwalimu anaweza kuhakikisha siku hiyo hiyo. Amwite mtoto pembeni, amsomee swali lile kwa Dholuo, lugha ya kwao, au Kiswahili, namba zikiwa zile zile. Akilijibu sawasawa, basi sifuri ile ilikuwa ya kusoma Kiingereza, na ni hapo anapohitaji kusaidiwa.