Corolla 110 kwenye milima yetu: kutoa 5A ya oto, kuweka 7A ya manyuali

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huu hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) haina pa kuifidia. Inavuta hewa pungufu, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inapunguza petroli ili iendane na hewa hiyo, na nguvu inashuka. Chukua Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE, cc 1,498. Hapa Uyole inapumua hewa ya injini ya cc 1,270 hivi. Ifanyie hesabu hiyohiyo 7A-FE, ambayo ni cc 1,762, unapata karibu 1,500. Kwa hiyo mwenye 7A Mbeya anapata nguvu ambayo mwenye 5A anaipata Dar, si zaidi sana ya hapo. Ninawaeleza hivi wateja mapema, kwa sababu wapo wanaodhani wanakuja kutengenezewa gari la mashindano.

Mzee mmoja anayefanya biashara ya viazi aliniletea 110 yake akisema, "Mwanangu, gari hili Dar lilikuwa jepesi. Huku limekuwa zito, injini imekufa?" Nikapima kompresheni, silinda zote nne ziko sawa. Nikamwambia, "Mzee, injini yako nzima kabisa. Hewa ya huku ndiyo haiitoshi, na wewe unabeba magunia." Ukiwa na tatizo kama lake, pima kwanza. Injini iliyochoka na injini iliyozidiwa na mlima zinalalamika kwa namna moja, lakini dawa zake ni tofauti.

Ninaipenda 7A kwa sababu ni ya familia moja na 5A na 4A. Inakaa kwenye maunti (vishikizo vya injini) zilezile, na giaboksi za familia hiyo zinafunga bila kutoboa wala kuchomelea. Tofauti kubwa ni kwamba mwendo wa pistoni ni milimita 85.5 badala ya 77, ndiyo maana bloku yake imeenda juu kidogo. Mkanda wa taiming kwa hiyo ni wake peke yake. Ukiuziwa wa 5A, rudisha dukani. Injini zenyewe zinatoka kwenye Carina, Caldina na Sprinter Carib. Ikiwa ni ile inayoitwa lini beni, iliyotengenezwa kuchoma petroli kidogo kwa hewa nyingi, usiinunue bila waya zake zote, sensa zake na kontroli boksi yake. Ukiivalisha waya za 5A itawaka, itatembea, halafu itakusumbua mpaka uichukie.

Giaboksi ndiyo inayobishaniwa zaidi. Watu wanasema manyuali ni ya kupandia, na ni kweli inasaidia, maana klachi ikishashika haitelezi kama toki konveta ya oto, inayopitisha nguvu kwa oili. Mimi ninaiweka kwa ajili ya kushuka. Toka Uyole uende Kyela: unapanda hadi Isongole kwenye baridi, halafu unateremka kupitia Tukuyu mpaka ziwani, ambako ni chini ya mita 500. Ziwa liko zaidi ya kilomita nzima chini ya ulipoanzia. Kitonga nako ni hivyohivyo kwa anayetoka Iringa kwenda Ruaha Mbuyuni. Ukiwa kwenye D na umeachia mafuta, oto inapandisha gia yenyewe na gari linakimbia, kwa hiyo mguu unakaa kwenye breki muda wote. Ina nafasi za 2 na L za kuibana kwenye gia ndogo, na zinafaa, ila madereva wengi hawazigusi kabisa. Kwenye manyuali unaweka gia ya tatu au ya pili ukiwa juu, injini inalishika gari, na breki unazigusa tu kwenye kona.

Breki zinazokanyagwa bila kupumzika zinachemsha oili yake. Oili ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205. Ikishanyonya unyevu hushuka hadi kama 140, na Rungwe mvua hainyeshi kidogo. Ikichemka, mvuke unaingia kwenye mabomba na pedali inazama hadi chini. Kwa sababu hiyo sifungi 7A kwenye gari ambalo breki zake sijazifungua. Ninaweka oili mpya ya DOT 4, ninapima diski za mbele, ninafungua ngoma za nyuma. Mteja akisema breki tutafanya mwezi ujao, na injini nayo isubiri huo mwezi ujao.

Sasa kazi yenyewe. Nunua giaboksi pamoja na drafshafti zake (vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu), pedali zake, silinda ya juu na ya chini ya klachi, nyaya za gia, liva na maunti yake, kutoka kwenye gari moja. Drafshafti za oto usizitegemee. Zipime urefu na meno kabla ya kusema zinafaa.

Kwenye krenki (shafti kuu ya injini) ya gari la oto kuna sahani nyembamba. Kwenye manyuali inakaa flaiwili, gurudumu la chuma linaloshikwa na klachi, ambalo ni nene. Bolti za sahani ni fupi. Ukizitumia kufungia flaiwili zitashika nyuzi chache, na siku moja ukiwa na mzigo zitaachia. Tafuta bolti za flaiwili, zisafishe nyuzi, tia gundi ya bolti, kaza kwa kupishanisha na spana ya toki, inayopima nguvu ya kukazia. Kabla hujaifunga, badilisha sili ya nyuma ya krenki. Ni kitu cha bei ndogo, lakini ukiiacha ikaja kuvuja, unashusha giaboksi upya na oili imeshaharibu klachi.

Klachi pleti ijaribu kwenye shafti ya giaboksi kwa mkono, ikiwa bado mezani. Iteleze yenyewe bila kulazimishwa na isicheze pembeni. Ikikataa, hesabu meno ya shafti na ya pleti, kwa sababu giaboksi za aina hii hazikutoka zote na meno sawa. Upande wenye springi zilizojitokeza unaangalia giaboksi. Kuiweka katikati, tumia kipande cha shafti ya zamani kabla hujakaza presha pleti inayoibana. Ukikadiria kwa jicho, giaboksi itakataa kuingia, na kijana wako ataanza kuivuta kwa bolti mpaka avunje sikio la giaboksi.

Kwenye waya kuna njia ya mkato nisiyoikubali. Gari la oto haliwaki mpaka liwe P au N. Ukitoa giaboksi ile, stata inakatika, na mafundi wengi wanaunganisha waya mbili basi, likawaka. Lakini sasa litapiga stata likiwa ndani ya gia, na litaruka. Mtoto akizungusha ufunguo uani, linamgonga aliye mbele. Pitisha waya hizo kwenye swichi ya pedali ya klachi, ili bila kukanyaga lisiwake. Taa ya rivasi nayo iunganishe kwenye swichi ya giaboksi mpya, na kontroli boksi iwe ya manyuali. Ya oto itaendelea kuzitafuta solenoidi (vali za umeme za giaboksi ya oto) ambazo hazipo.

Juu ya rejeta nitasema jambo moja. Maji hapa Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi yakiwa wazi. Kifuniko kizima cha rejeta, cha presha ya 0.9, kinapandisha kiwango hicho hadi kama 115, kwa hiyo kifuniko kilichochoka huku kina madhara makubwa kuliko pwani. Na thamostati, inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, usiitoe. Kwa baridi ya Juni na Julai injini isiyo nayo haipati joto lake, inakunywa petroli na kujilia yenyewe.

Vijana wenye Mark II GX100 wananiuliza kuhusu injini ya 1JZ, ya JZX100. Kwa kuwa GX100 na JZX100 ni bodi moja, inaingia vizuri, na yenye tabo haionewi na hewa yetu kama hizi nyingine. Ila propela, difu na breki vyote vinaingia kwenye hesabu, na hiyo ni bajeti ya mtu mwingine.

Namba ya injini ipige picha ikiwa bado chini, kwa sababu ikishakaa ndani ni shida kuisoma. Kadi ya gari ina namba ya injini ya zamani na cc zake. Omba ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani, nenda TRA ukabadilishe, kisha mjulishe mwenye bima. Risiti ya injini itunze pamoja na kadi, kwa sababu siku ya kuuza gari mnunuzi atafungua boneti na kulinganisha.